Mtani Wangu wa Kwenye Kompyuta

Siku ya kwanza kazini nilizipigia kompyuta hodi. Msicheke, wajukuu! Nilikuwa na ndoo na tambara, nikazikuta sita zimefunikwa vitambaa kama vyakula vya harusi. Meneja akanidaka mlangoni.

"Mama Tumaini, hizi maji hazitaki. Tambara kavu tu. Ukimwaga tone, mimi na wewe tunarudi kulima."

Hapo ni Songea mjini. Kiwanda chetu kilishafungwa, tukapunguzwa, kila mtu akafungua lake: huyu mitumba, yule video. Meneja yeye akaleta intaneti. Nilikuwa natembea kutoka Bombambili mapema, nafagia, napanguza, nachemsha chai. Halafu nikapanda cheo, nikashika zamu. Nawapanga watu kwenye benchi, nasema, "Haya baba, muda umeisha, mwachie mwenzio." Wakubwa wa serikali walinitii mimi, darasa la tatu!

Kulikuwa na modemu, kidude cha kuunganisha kompyuta na waya wa simu. Kikianza kuita kinalia kama paka kakanyagwa mkia, na watu wote kimya, kama padre anainua Ekaristi. Kikikubali, makofi. Jamani, nayakumbuka yale makofi.

Kaunta alikaa Zuhura, dada wa Kiyao kutoka Namasakata kule Tunduru. Ndiye alinionyesha jukwaa. Jukwaa ni kama kibaraza, ila mmoja yuko Mwanza, mwingine Ulaya. Unaandika lako, wanakujibu. Siku hiyo walikuwa wanabishania vita ya nchi za mbali, na wanaume pale ndani wanashangilia. "Piga! Wamalize hao!"

Nikasimama na birika langu. "Nyie mmeshawahi kuishi na mtu katoka vitani?"

Zuhura akasema, "Mama, hilo usiwaambie hawa. Sema, mimi nachapa."

Ndivyo tulivyoanza. Mimi nasema, yeye anachapa, halafu ananisomea. Mwanzoni alikuwa ananipambia. "Mama, tuseme, kwa mtazamo wangu."

"Mtazamo wa nini? Andika, mimi nasema."

Nikasimulia habari za Damiani, mdogo wangu wa tumbo moja. Alikwenda vita ya Uganda. Aliporudi tulimpokea kwa lizombe, ngoma yetu Wangoni, wazee wanacheza mpaka vumbi linaziba jua. Lakini yule kijana hakuweza tena kuchinja hata kuku. Ukimpa kisu, anakwenda kukaa nyuma ya nyumba. Miaka ikapita, ikajulikana anaishi na fundi mwenzake, mwanaume, wanapendana kama mtu na mkewe. Ukoo ukakaa kikao. Wale wale waliocheza lizombe wakasema aondoke. Mimi dada mkubwa nikaulizwa, "Una neno?" Nikaangalia mkeka. Nikasema sina. Akachukua mfuko wake akaondoka, na mpaka leo sijamwona.

Kwa hiyo nikamwambia Zuhura achape hivi: "Alipotoka kuua tulimchezea ngoma, alipopenda tukamfukuza. Mimi ni Mkatoliki, mambo ya dhambi namwachia padre. Ila nauliza, hapo sisi tulikuwa na akili?"

Weee! Majibu yalimiminika kama kumbikumbi. Mmoja, "Laana!" Mwingine, "Mama huyu katumwa na wazungu." Mwingine akasema bila vita tungetawaliwa, na huyo nilikubali ana hoja, nikamwambia basi hao waliopigana tuwatunze. Halafu akaja mmoja wa Iringa. "Mimi Mhehe. Nyie Wangoni tuliwachapa, ndiyo maana mnaogopa vita. Na huyo ndugu yenu mlimfukuza vizuri."

Badala ya kukasirika nikapiga kigelegele. Mhehe! Mtani!

Wajukuu, babu zetu na babu zao walichomana mikuki mpaka wakachoka, wakapatana. Vita ikawa utani. Mkifiwa, mtani anakuja kuwatukana, analala mpaka ndani ya kaburi mmbembeleze atoke, na kukasirika ni mwiko. Kwa hiyo nikamjibu kitani, maana Wahehe tunawatania kwamba wanakula mbwa. "Jamani fungeni mbwa, Mhehe kaingia na njaa yake! Toka kwenye msiba wangu, sura kama kisiki!" Na mengine siwaambii.

Kumbe wasimamizi wa jukwaa hawakujua mambo ya utani, au walidhani utani ni wa ana kwa ana tu. Wakafunga jina langu. Zuhura akichapa, haitoki. Na Meneja akapata habari.

"Mama, hapa ni ofisi, si kilabu cha ulanzi!"

"Shikamoo, Meneja."

"Shikamoo ya nini na mimi mdogo wako?"

"Ili unionee huruma."

Akacheka, lakini jina halikufunguka. Mimi nikalia jikoni, birika linachemka. Maana sikuingia mle kubishana na watu. Nilitaka Damiani, popote alipo, asome kwamba dada yake alikuwa na neno. Na bado nilikuwa sijalisema.

Wiki ikapita. Asubuhi moja Zuhura ananiita mbio, jina limefunguka! Mhehe ndiye aliwaandikia wasimamizi. "Huyo mtani wangu, ana haki ya kunitukana. Mfungulieni, bado sijamjibu matusi yake." Na chini yake akaniandikia mimi.

"Mtani, la mdogo wako sikubaliani nalo, wala kanisani kwetu hawakubali. Lakini mtu wenu akifia huku, kaburini nalala mimi. Afadhali nimtafute akiwa hai. Ana alama gani?"

Nikamwambia Zuhura, "Andika, kovu kwenye kidole gumba cha kushoto. Nilimkata mimi kwa mundu tukivuna mpunga, hakunisema kwa mama. Halafu andika, Damiani, mimi dada yako nilikuwa na neno. Neno lenyewe, baki." Zuhura alichapa huku anajifuta macho kwa khanga.

Sasa nimestaafu. Simu zilipoenea ile ofisi ikafa, Zuhura kaolewa, kompyuta sijui ziko wapi. Nyie mnabishana kila mtu peke yake na kioo chake, hakuna benchi, hakuna wa kukupa chai ukikasirika. Mimi nalitamani lile benchi.

Ila mtani yupo. Kila Novemba, tukiombea marehemu, ananiandikia kwenye simu ya Tumaini. Mwaka huu kaniambia kapita mashamba ya chai yote ya kwao Iringa, kauliza mafundi wote. "Kisiki wa kike, bado sijampata. Na bado sikubaliani na wewe."

Namjibu vilevile kila mwaka. "Mla mbwa, angalia kidole gumba cha kushoto."