Nyuki Hakutoboa Ukuta Wangu

Mvua za kwanza zikishanyesha huku upande wa Kabambare, nyuki wanaoishi kila mmoja peke yake wanarudi kwenye ukuta wa nyumba yangu. Kuwatambua sikujifunza shuleni. Shule niliiacha mapema. Nilijifunza kwa sababu ya uongo wa jirani yangu, zamani kapita, msimamizi wa kazi, kwenye machimbo ya dhahabu ya Lusangi. Yeye ndiye aliyewaleta watu wenye silaha mpaka mlangoni pangu. Sauti yake niliisikia ikisema, "Ni hapa." Bwana yangu walimpigia risasi kwenye ukuta huo.

Miaka ikapita, shefu wetu, mkuu wa kijiji, akakubali kuja kusikiliza mashtaka yangu. Jirani akafika na shati la pasi. Akasema hapa hakuna mutu aliyepiga risasi, bwana yangu alikufia porini.

"Na haya matundu?" shefu akauliza, akionyesha ukuta.

"Ya nyuki, shefu. Angalia, wanaingia, wanatoka."

Kweli walikuwa wanaingia na kutoka. Siwezi kusema nyuki walinisaidia siku hiyo.

Nikamuomba shefu anifuate jikoni. Juu, kwenye mbao za paa, alikuwepo nyuki mweusi, munene kama kidole gumba, unga wa mbao ukimwagika kwenye sufuria yangu.

"Anayetoboa ni huyu," nikasema. "Lakini mbao tu. Tofali haligusi."

Yule wa ukutani ni mudogo, manyoya ya tumbo yana rangi ya kutu. Hatoboi kitu. Anatafuta tundu lililo tayari, anaweka unga wa maua, anataga yai, anafunga mlango kwa matope, anaenda zake. Mwenzake anafunga kwa majani, anayakata duara kwenye mbaazi zangu bila kuniomba. Kila mama na chumba chake, malkia hakuna. Nikayaeleza yote. Shefu alisikiliza vizuri, halafu akauliza:

"Asali iko wapi?"

"Haiko, shefu. Hawa hawatengenezi asali."

"Nyuki gani huyo?" Alikasirika kama mutu aliyedanganywa sokoni.

Jirani akacheka. "Mama, hata nyuki wako ni waongo."

Nikachukua kisu cha mihogo, nikachimba tundu moja lililofungwa. Yakatoka matope, kisha unga wa njano na funza mmoja mweupe. Funza alikufa, sikuwa na namna. Ncha ya kisu ikagonga chuma. Nikakitoa, nikamwekea shefu kiganjani.

"Na hii, nyuki ndiye ameitaga?"

Jirani akaangalia viatu vyake. Shefu akaigeuza risasi, akainusa, sijui kama bado alikuwa anatafuta asali.

"Walipiga hapa," akasema.

Hukumu yote ndiyo hiyo. Nani aliwaleta wale watu, akasema hayo ni maneno ya tribinali, mahakama ya serikali, yeye hawezi. Jirani bado iko pale pale. Asubuhi ananiambia, "Jambo, mama," mimi siitiki. Lakini kwamba bwana yangu alikufia porini, hayo hasemi tena.