Farasi wa Kuvuta Mbio

Kamari Qatar hairuhusiwi. Lakini siku ya mbio kubwa ya Februari, pale mlangoni hugawiwa karatasi ya bure ya kubashiri washindi, na anayepatia mbio zote huondoka na gari. Ndiyo maana mwaka ule wa 2014 Kiprono hakuonja amani. Alikuwa mtunza farasi kwenye zizi moja upande wa Rayyan, na chumba chake cha Abu Hamour kilijaa Wakenya wenye kalamu.

"Kiprono, we ni Mkalenjin, mtu wa mbio, na unashinda na farasi kila siku," alisema Terry, mlinzi wa jengo moja refu kule West Bay. "Tupee jibu ya mbio ya mwisho tu. Simu inasema Muhannad, odds mbili kwa moja."

Simu hizo hazijamtajirisha mtu ila wenye kuziuza. Kiprono alipima kwa macho. Yule wa kijivu kutoka Ufaransa, aliwaambia, ana miguu mizuri lakini hutoka jasho kabla hajatandikwa. Nguvu zinakwisha kwa woga. Yule mwekundu hana sifa, ila hula vizuri na hatua yake ni ndefu. Muhannad, wa zizi lao, ni mzima, lakini pumzi yake huchelewa kutulia.

"Na huyu Wasmi, hamsini kwa moja? Huyu ni wa nini?"

"Huyo ndiye wangu," alisema Kiprono. "Wa kuvuta mbio."

Maana yake hutoka mbele kwa kasi ili Muhannad apate mwendo, kisha, zikibaki mita mia nne, mpandaji humpunguza kasi ili Muhannad apite. Terry hakuhitaji kuelezwa zaidi. Wote walijua kwamba Kiprono mwenyewe, alipokuwa mkimbiaji, alikula mkate huo. Mwaka 2003, katika mji mmoja wa Ulaya, alilipwa avute mbio ya mita elfu tano, atoke baada ya elfu tatu. Siku hiyo alijisikia mwepesi kupita kiasi. Aligeuka, hakuona mtu karibu, akatoka kama mkataba ulivyosema. Akiulizwa kama angeshinda, hucheka: "Wangenipita tu." Amesema hivyo miaka kumi na moja. Ukweli ni kwamba hajui, na kutojua huko kumemla kuliko umaskini.

Sasa kila alfajiri, baada ya mazoezi, alikuwa akiweka kiganja kwenye mbavu za Wasmi, na pumzi ilikuwa imetulia kabla tandiko halijashuka. Hakuna farasi mwingine zizini aliyekuwa hivyo. Na baada ya mbio hii Wasmi angeuzwa akabebe watoto wa matajiri siku za mapumziko.

Mficha uchi hazai. Asubuhi ya mbio Kiprono alimwendea Hamdun, Msudani mtu mzima aliyekuwa mkufunzi wao. Mtunza farasi hamfundishi mkufunzi kazi. Kila aliyewahi kushika ndoo zizini analijua hilo.

"Mzee, samahani. Wasmi asizuiwe leo. Anaweza."

Hamdun alimtazama bila hasira. "Mwenye farasi anamtaka Muhannad. Wewe shika kamba."

Akashika kamba. Kwenye karatasi yake akaandika Muhannad, kwa sababu kazi ni kazi, na Terry akanakili.

Wasmi alitoka mbele, akawaacha. Zilipobaki mita mia nne mpandaji alisimama kwenye vikuku vya kukanyagia, akavuta hatamu, na farasi akatupa kichwa huku na huku kwa kukataa. Muhannad alipita. Kisha, hatua chache kabla ya mwisho, yule mwekundu asiye na sifa akampita Muhannad. Wasmi alifika wa sita. Terry alichana karatasi yake, akaenda kutafuta chai.

Mahali pa kuoshea, Kiprono aliweka kiganja mbavuni. Pumzi ilikuwa imeshatulia. Hamdun alikuja, akaweka kiganja chake pembeni ya kile, akahesabu pumzi.

"Ulijuaje?"

"Kazi hii nimeifanya mimi, mzee. Kwa miguu miwili."

"Na wewe ungeshinda?"

Kiprono alifungua kinywa acheke kama kawaida. Kicheko hakikuja.

"Ningeshinda," alisema, akaficha uso kwenye shingo ya farasi, kwa sababu alikuwa akilia. Hamdun alichukua mpira wa maji, akaendelea kuosha.