Ndani ya Kabati la Mninga

Leo nimepita kwa maseremala wa barabarani, vumbi la mninga likaniingia puani, nikasimama.

Nilipokuwa mtoto, baba, aliyekuwa seremala, alileta kabati nyumbani kwetu Mlandizi kutoka kwa meneja wa shamba la mkonge aliyerudi kwao. Lilikuwa limepakwa rangi ya kijani, hata jirani akasema, "Fundi, hizo ni kuni." Baba akaparua pembe kwa kipande cha chupa, akanusa, akacheka peke yake.

"Mninga mtupu."

Nje alilipiga msasa mwenyewe. Ndani mkono wake haukufika kwenye kona, akamwingiza mdogo wangu wa kike.

"Na mimi, baba?"

"Wewe mkubwa, huenei. Kachote maji."

Basi nikawa napita na ndoo nikiwasikia wakizungumza, ubao mmoja katikati yao. "Fuata mistari ya mti, mama," baba alimwambia. Mimi aliniita kwa jina tu. Jioni alimpangusa vumbi kwenye kope kwa kidole. Nami nikajipaka vumbi usoni, nikakaa karibu naye. Akaniambia nikanawe.

Bwana shamba mmoja alipokuja kulinunua, baba alimfungulia milango. "Humu ndani ni kazi ya binti yangu."

Mgeni akanigeukia. "Hongera, binti."

"Si huyu," baba akasema.

Seremala wa leo ameniuliza kama nanunua kabati lake. Nimemwomba anifungulie mlango tu. Nimeingiza kichwa, kisha bega. Bega limekwama.