Shebe alimvua nguo marehemu mbele ya wajukuu zake

Wakuu, amani iwe kwenu. Haya yametokea hapa hapa Mafia, na mke wangu huwa anapita humu kusoma, kwa hiyo nikitia chumvi nalala nje.

Mimi huandika hadithi za kutisha. Naziweka kwenye grupu la kijiji, napata laiki za dada zangu basi.

Kuna fundi simu hapa Chole, nimwite Shebe. Naye anaandika. Akirusha kipande, simu za watu hazitulii.

Namwonea wivu, wakuu. Wivu wa kupoteza hamu ya kula.

Hadithi yake ni ya zama za Mjerumani. Binti wa Chole, Mwanaidi, anavuka kwenda kwenye magofu ya Kua, kule Juani, kukata ukindu wa kusukia mikeka, jini anamtokea. Na yangu ni ya zama zile zile, ina jini pia! Yake inasomwa, yangu inapitwa.

Sasa, kwetu kina mama wakikaa barazani alasiri kusuka ukili wa mikeka, mmoja hasuki. Kazi yake ni kuwasomea wenzake kwenye simu. Msomaji wao ni mke wangu, Saumu.

Nikimuuliza lini atasoma yangu, anasema, "Subiri, baba Rama, tumalize ya Shebe."

Mume ni mimi, jamani!

Basi juma lililopita bibi yake Saumu, Bi Hija, alikuja kututembelea kutoka Juani. Akakaa barazani na ukili wake. Shebe naye kajileta, kaja kula sifa. Mimi najifanya natengeneza mlango, masikio yote kule.

Saumu akaanza kusoma kipande kipya cha Shebe. Mwanzo ulikuwa mtamu, siwezi kukataa. Mwanaidi anashuka pwani, mguu wa kushoto mzito kidogo, anajiimbia. Bi Hija akaacha kusuka ili asikie vizuri. Roho ikaniuma.

Kufika Kua, Shebe akafungulia bomba. Nguo, visu, damu. Jini akamfanyia yule binti mambo nisiyoweza kuyaandika hapa, akarudia tena, bila hadithi kusogea hata hatua. Saumu akaishusha simu. Mama mmoja akasema, "Astaghfirullah, kinyaa gani hiki!"

Bi Hija akakunja ukili. Kwetu mkubwa akikunja ukili, baraza imekwisha.

"Mwanangu, huyu Mwanaidi umemtoa wapi?"

"Nimemsikia kwa wazee, bibi. Alikuwa na mguu mzito, akikata ukindu Kua. Watu wa kale hao, hawana mwenyewe."

"Mwenyewe ndiye mimi. Ni bibi yangu, ndiye aliyenilea. Unamvua nguo mbele ya wajukuu zake?"

Kisiwa chetu hiki, wakuu, maiti gani asiye na mwenyewe? Shebe aliinama, akaomba radhi kwa sauti ya mgonjwa. Mimi moyoni nacheza ngoma. Nikatoa simu, nikafungua hadithi yangu. Jini wangu ana adabu zake, hamgusi mtu. Nikamsogelea Saumu.

Sijafika, Bi Hija akamwambia Shebe, "Kaa kitako. Ule uchafu ufute. Lakini pale pwani nimemwona bibi yangu anatembea. Tangu tumzike sijamwona. Kesho niletee tena, afike Kua, akate ukindu wake, arudi nyumbani salama."

Akaukunjua ukili.

Nikarudi mlangoni kwangu.

Funzo nililopata ni chungu. Siku zote nilijiliwaza kwamba watu wanampendea Shebe uchafu. Kumbe uchafu walikuwa wakiuvumilia tu.

Jana Saumu aliwasomea yangu. Hakuna aliyekunja ukili. Walisuka vizuri sana, huku wakizungumzia arusi ya Bwejuu.

Nyie waandishi wenzangu, mwenzenu akijaliwa kipaji kuliko nyie, mnafanyaje? Karibuni mniambie.

Shebe, najua umo humu. Wewe nyamaza.