Mkamua Miwa wa Njia Panda

Kwenye njia panda moja ya jiji la Saigon, Vietnam, mwanamke anayeuza maji ya miwa ndiye huwavusha wageni barabara. Hujipangusa mikono kwenye aproni, humshika mtu kiganja, kisha husema kwa sauti yake ya kukwaruza: "Polepole. Usikimbie, wala usirudi nyuma. Pikipiki zitakukwepa zenyewe." Asubuhi moja alimvusha Bi Nhàn, aliyetoka shamba kumwona bintiye aliyejifungua katika hospitali iliyo ng'ambo ya barabara. Katikati ya barabara, Bi Nhàn akaganda.

"Twende, mama, mjukuu anakungoja!"

Ndipo Bi Nhàn alipohisi mkono uliomshika ukitetemeka. "Kumbe nawe unaogopa, mwanangu?"

"Kila siku, mama. We nishike tu."

Walipofika ng'ambo, Bi Nhàn hakuuachia mkono ule. Aliufumbata kwa mikono yake miwili mpaka ukatulia.