Komisere Kabange na Swali la Unga

Sijui kwa nini karatasi hii inaletwa kwangu. Wenye diplome wamejaa Likasi, lakini wao wanaogopa kuandika habari za Kabange, basi bibi kizee ndiye atashika kalamu. Haya. Someni, na makosa ya herufi mkae nayo.

Hilaire Kabange alikuwa kapita, msimamizi wa wafanyakazi, kwenye kiwanda cha shaba, Shituru. Serikali ilipokataza majina ya ubatizo, kazini akawa Sitwaye Kabange, yaani raia Kabange. Mke wake, Émérence, aliendelea kumwita Hilaire, na sauti hakuipunguza. Mwaka 1977 watu wakamchagua aende bungeni Kinshasa. Siku zile mbunge aliitwa komisere wa watu, na jina hilo lilimletea taabu hata kabla ya kupanda ndege. Jirani yake, mama Albertine, alikuja mbio: bata wake ameibiwa, komisere atoke akamkamate mwizi.

“Mama, minye hapana komisere ya polisi. Minye niko komisere ya batu.”

“Na mwizi? Yeye hapana muntu?”

Émérence alicheka mpaka akaketi chini.

Wakati ule unga wa mgao wa wafanyakazi ulikuwa unayeyuka njiani. Mabehewa yalifika yamejaa, lakini kantini iligawa kidogo tu, na watoto walilala bila bukari, ugali wetu. Kila mtu alijua unaishia kwa mkubwa mmoja wa chama tawala. Kujua kulikuwa bure. Kusema ndiko kulikouzwa ghali. Hilaire akisema, kiti kinakwenda, na kazi nyuma yake.

“Kama unaogopa,” Émérence akamwambia, “rudia kiwanda. Shaba haiulizake muntu kitu.”

Basi akasimama bungeni. Lingala yake ilikuwa ya kununulia samaki, Kifaransa kikamkimbia, akauliza kwa Kiswahili: unga wa Shituru unaliwa na nani? Akamtaja mkubwa yule kwa jina. Wabunge wa kwetu, wanaojua Kiswahili, wakainamisha vichwa. Wengine wakaulizana amesema nini. Kufika jioni walikuwa wameelewa wote.

Uchaguzi uliofuata, chama kilikataa jina lake. Akarudi na valizi moja ya nguo; kiwandani akaambiwa nafasi imejaa, na kwenye nyumba ya kampuni wakatolewa, yeye na mke wake. Lakini tangu swali lake, unga ulikuwa umeanza kufika mzima. Watu wakashiba, na wakimwona wakavuka barabara, wasionekane naye. Hata Albertine alipitia nyuma ya nyumba walikohamia, akinong'ona, akiwaletea matembele.

“Pitia mbele,” Émérence akamwambia. “Bwana yangu haina na bukoma.”

“Mama, minye niko na batoto.”

“Na bale batoto balikula nini?”

Albertine akasimama na matembele yake mkononi. Halafu akazunguka nyumba, akapiga hodi mlangoni kwa sauti ya sokoni: “Baba Hilaire! Uko?” Avenue nzima ikasikia.

Lakini huyo ni mmoja. Hilaire leo analima mihogo kando ya reli, na salamu anazihesabu kwenye vidole. Weye unayesoma, unga ule uliula, ao mama yako aliula. Jumapili, misa ikiisha, usivuke barabara. Vua kofia, mpe mkono, na watu wote waone.