Kengele ya Kuzima Majiko

Sogea karibu, unisikilize bila haraka. Jambo lenyewe si gumu, nami nina subira ya kulirudia.

Kijijini kwetu, juu ya Nyololo, nilikuwa mwangalizi wa mtambo mdogo wa umeme wa maji. Baadaye tukafungiwa paneli za jua, tukashangilia. Lakini fikiria watu wawili wamebeba gunia: mmoja akiachia ghafla, mwenzake anaanguka nalo. Ukungu wa Juni ukifunika paneli, mzigo wote unauangukia mtambo, nao unajizima usije ukaungua.

Adhuhuri moja ukajizima. Dada yangu akaja mbio hadi kwenye kibanda changu. Alikuwa na trei nne za mayai kwenye mashine ya kutotolesha, siku ya ishirini, moja tu kabla ya kuanguliwa.

"Fundi wa mawingu! Vifaranga wanalia ndani ya mayai, nimewasikia. Washa!"

Nikawasha. Ukazima tena. Kwetu umeme ukikatika hakuna anayezima kitu. Jiko, pasi na hita vinaachwa hivyo hivyo, ili mtu ajue umeme umerudi. Kwa hiyo ukirudi, nyumba zote zinauvuta kwa pamoja.

Tulikuwa tumekubaliana kanisani, baada ya ibada, kwamba kengele ikilia mchana, kila mtu azime. Nikamwomba mzee wa kanisa aigonge. Akagonga vizuri sana. Kisha nikamsikia jirani akimpigia mkewe kelele:

"Mama, kengele hiyo! Chomeka na hita kabla wenzetu hawajaumaliza!"

Walikuwa wakiuwahi umeme kama tunavyoyawahi maji ya bomba la kijiji, yanayotoka kidogo na kukatika. Nikawasha mara tano. Ukazima mara tano.

Jioni nilimkuta dada amefunika trei kwa blanketi, kando ya jiko la mkaa. Alikuwa ameinamisha sikio.

"Wamenyamaza," alisema. "Si ulituambia jua litatusaidia?"

"Linasaidia, dada. Ila..."

"Ila nini, mdogo wangu?"

Nikaongeza mkaa kwenye jiko. Tangu siku hiyo nimeeleza kwenye mikutano mingi. Wanaitikia kwa kichwa, wananishukuru, wanarudi nyumbani, na ukungu ukishuka, mtambo unazima vilevile. Dada hatotoleshi tena.

Nakueleza na wewe. Umeme ukikatika, zima jiko, pasi na hita. Acha taa moja tu. Ukirudi, subiri taa hiyo itulie, ndipo uwashe kimoja kimoja.